Guayule: Kichaka cha jangwani kinachoficha mpira ndani ya magome yake

TAIRI la ndege inayotua, tairi la lori linalopanda mlima likiwa na shehena, na glavu za mpira anazovaa daktari kabla ya kumpasua mgonjwa, kwa kiasi kikubwa vyote hutegemea mti mmoja tu. Mti huo ni Hevea brasiliensis, ambao asili yake ni misitu ya Amazon nchini Brazil, lakini leo hulimwa zaidi Kusini Mashariki mwa Asia.

Utegemezi huo una hatari yake. Mashamba makubwa ya Asia yalianzia kwenye mbegu zilizochukuliwa Brazil mwaka 1876 na Mwingereza Henry Wickham, kisha zikaoteshwa katika bustani ya Kew, London. Kwa sababu hiyo miti mingi ya leo ni ndugu wa karibu, na ugonjwa mmoja mkali unaweza kuishambulia yote kwa mpigo.

Ugonjwa wa namna hiyo upo. Ni baa la majani la Amerika Kusini, linalosababishwa na kuvu, ambalo limezuia kilimo kikubwa cha mpira kustawi katika nchi ulikotoka mti wenyewe. Ndilo lililochangia kuangusha mashamba ya tajiri wa magari, Henry Ford, nchini Brazil katika miaka ya 1930. Hadi sasa halijaenea katika mashamba ya Asia, lakini nchi za huko huwa na hofu nalo kubwa.

Ni kwa ajili ya hofu hiyo wataalamu wa kilimo wamekuwa wakirejea mara kwa mara kwenye mmea mwingine, usio na urefu wala fahari ya mti wa Amazon. Ni kichaka kifupi cha rangi ya majivu, kinachoota juu ya changarawe na mawe ya chokaa, mahali ambapo mvua ni ya kubahatisha. Jina lake ni guayule, na wenyeji hulitamka “wayule”.

Ndugu wa alizeti

Kitaalamu mmea huu huitwa Parthenium argentatum. Jina hilo ulipewa mwaka 1859 na mtaalamu wa mimea wa Marekani, Asa Gray. Neno la pili katika jina hilo lina maana ya “wa fedha”, kutokana na vinyweleo vyeupe vinavyofunika majani na kuyafanya yang'ae kama fedha chini ya jua.

Guayule ni wa jamii moja na alizeti na pareto. Maua yake ni madogo, ya rangi nyeupe iliyofifia, na hukaa juu ya vikonyo vyembamba vinavyochomoza nje ya majani. Kila kichwa cha ua kwa kawaida hutoa mbegu tano tu.

Kichaka kilichokomaa huwa na kimo cha kati ya nusu mita na mita moja. Mizizi yake husambaa kwa mapana na kwa kina kutafuta unyevu. Ukame unapozidi, mmea husimamisha ukuaji na kusubiri mvua. Porini, kichaka kimoja kinaweza kuishi miaka 30 au zaidi.

Makao yake ya asili ni Jangwa la Chihuahua, kaskazini mwa Mexico, katika majimbo kama Coahuila, Durango, Zacatecas na San Luis Potosí, pamoja na eneo la Big Bend, katika jimbo la Texas nchini Marekani. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ni uwanda wa juu, wenye mchana wa joto kali na usiku wa baridi. Mvua zake kwa mwaka ni milimita 250 hadi 400, kiasi ambacho ni kidogo kuliko hata mvua za Dodoma.

Mpira usiogemwa

Mti wa Hevea hugemwa. Mkulima huchanja gome, utomvu mweupe hutiririka na kukingwa kwenye kikombe, na mti huendelea kuishi. Guayule haugemwi. Ukikata tawi lake, hakuna utomvu unaochuruzika.

Sababu ni kwamba mpira wa guayule umo ndani ya seli ndogo ndogo za gome na za mti wenyewe, kila seli ikiwa na hazina yake. Ili kuupata, lazima mmea ukatwe, usagwe na seli zivunjwe. Katika uzito mkavu wa mmea, mpira huwa ni kati ya asilimia tano na kumi, na katika mbegu bora huweza kuzidi hapo.

Mpira wenyewe hauna tofauti kubwa na ule wa Hevea. Molekuli ni zilezile, na ukisafishwa vizuri unaweza kutengenezwa tairi, glavu, mabomba au viatu.

Jambo jingine ambalo mkulima hulijua mapema ni kwamba guayule hutengeneza mpira mwingi zaidi wakati wa majira ya baridi. Kiangazi mmea hukua na kuongeza matawi. Usiku unapoanza kuwa wa baridi, ukuaji hupungua na chakula ambacho kingetumika kuchipusha majani hugeuzwa kuwa mpira. Pasipo baridi, kichaka kinaweza kunawiri lakini kikawa na mpira haba.

Kutoka mipira ya kuchezea hadi viwanda

Wenyeji wa Mexico waliufahamu mmea huu karne nyingi kabla ya kuja kwa Wazungu. Walitafuna magome yake hadi ukabaki mpira mdomoni, wakaukusanya na kutengeneza mipira ya kuchezea. Jina lenyewe limetokana na lugha ya Kinahuatl, ambamo neno “olli” lina maana ya mpira.

Ulimwengu wa viwanda uliuona mpira huo mwaka 1876, katika maonyesho makubwa ya Philadelphia, ulipopelekwa kutoka Durango. Miaka ya mwanzo ya karne ya 20 magari yalianza kuongezeka na bei ya mpira ikapanda. Kampuni ya Intercontinental Rubber, iliyomilikiwa na matajiri wa Marekani, ilijenga kiwanda kikubwa mjini Torreón. Familia ya Madero ya Coahuila, ambamo alitoka Francisco Madero aliyekuja kuwa Rais wa Mexico, nayo iliingia katika biashara hiyo.

Kufikia mwaka 1910 guayule ulikuwa ukitoa takriban sehemu moja ya kumi ya mpira wote duniani. Lakini mpira huo wote ulitokana na vichaka vya porini, ambavyo viling'olewa na mizizi yake bila kupandwa vingine. Vichaka vikaanza kuadimika. Mwaka huohuo yakazuka mapinduzi ya Mexico, reli na viwanda vikasimama, na wakati huo mashamba mapya ya Asia yalikuwa yameanza kuuza mpira kwa bei nafuu.

Kampuni hiyo ilihamishia juhudi zake Marekani, ambako mtaalamu wake, William McCallum, alikuwa akichagua mbegu bora. Mashamba yakaanzishwa katika bonde la Salinas, California.

Mwaka 1930 jeshi la Marekani lilimtuma meja mmoja aitwaye Dwight Eisenhower, pamoja na mwenzake Gilbert Wilkes, kwenda kuchunguza mashamba hayo. Waliporudi walipendekeza serikali ihimize kilimo cha guayule kama kinga wakati wa vita. Ripoti yao iliwekwa kabatini. Eisenhower baadaye aliongoza majeshi ya washirika Ulaya, na mwaka 1953 akawa Rais wa nchi hiyo.

Vita na majuto

Mapema mwaka 1942 majeshi ya Japani yaliteka Malaya na visiwa vya Indonesia, vilivyokuwa chini ya Waholanzi. Kwa kipindi cha miezi michache, Marekani ilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya mpira wake, wakati ambapo kila kifaru, lori na ndege ya vita ilihitaji mpira.

Machi 1942 Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria iliyoanzisha Mradi wa Dharura wa Mpira. Serikali ilinunua mbegu na mali za kampuni ya Intercontinental nchini humo, ikaajiri wataalamu na mafundi wapatao 1,000, na kupanda takriban hekta 13,000 za guayule.

Sehemu ya utafiti ilifanyika mahali pasipotarajiwa. Katika kambi ya Manzanar, California, serikali hiyohiyo ilikuwa imewazuia maelfu ya raia wake na wakazi wenye asili ya Japani kwa sababu ya nasaba yao tu. Miongoni mwao walikuwamo wanasayansi na mabwana miche hodari. Wakiwa ndani ya uzio wa seng'enge, waliotesha guayule kwa vipandikizi na kubuni njia bora za kutenga mpira wake.

Athari za upungufu huo zilifika hata Afrika. Nchini Congo, ambako kumbukumbu ya ukatili wa mpira enzi za Mfalme Leopold II ilikuwa bado mbichi, wanavijiji walirudishwa tena msituni kukusanya mpira wa mwitu kwa ajili ya vita. Tanganyika nayo ilifufua mashamba ya mpira wa Ceará yaliyoachwa na Wajerumani. Huo ndio mti ambao hadi leo wakazi wa Tanga na maeneo mengine ya Pwani huchuma majani yake kwa ajili ya kisamvu.

Mradi wa guayule ulitoa takriban tani 1,400 tu za mpira kabla ya vita kumalizika, kwa sababu kichaka huhitaji miaka kadhaa kabla ya kuvunwa. Viwanda vya mpira bandia unaotokana na mafuta vilikuwa vimeshaanza kazi, na mpira wa Asia ulikuwa unarudi sokoni. Serikali ikaamua kurudisha ardhi kwa wenyewe. Kufikia mwaka 1946 mashamba mengi yalikuwa yamelimwa upya au kuchomwa moto, mpira ukiwa bado ndani ya vichaka.

Glavu na matairi

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mafuta yalipopanda bei katika miaka ya 1970, mpira bandia nao ulipanda. Mexico ilijenga kiwanda cha majaribio mjini Saltillo, na Bunge la Marekani likapitisha mwaka 1978 sheria ya kuendeleza mpira wa mimea ya nchini humo. Bei ya mafuta iliposhuka, hamasa nayo ikapoa.

Msukumo uliofuata ulitoka hospitalini. Ugonjwa wa ukimwi ulipoingia, watumishi wa afya duniani kote walianza kuvaa glavu karibu kila wakati. Katika miaka ya 1990 wengi wao, pamoja na wagonjwa waliofanyiwa upasuaji mara nyingi, walipata mzio kutokana na protini zilizomo katika utomvu wa Hevea. Wengine waliwashwa na kuvimba ngozi, na wengine walibanwa pumzi hata kuhatarisha maisha.

Mtafiti Katrina Cornish, aliyekuwa akifanya kazi katika Wizara ya Kilimo ya Marekani, alibuni njia ya kutoa utomvu wa guayule katika hali ya majimaji. Utomvu huo una protini chache sana, na hauwadhuru watu wenye mzio wa Hevea. Kampuni ya Yulex ya Arizona iliichukua teknolojia hiyo, na mwaka 2008 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu glavu zake kutumika hospitalini.

Kwa upande wa matairi, kampuni ya Cooper ilishirikiana na serikali katika mradi wa miaka mitano kuanzia mwaka 2012, ikatengeneza matairi ambayo mpira wake wote wa asili ulikuwa wa guayule. Bridgestone ilifungua shamba la utafiti Eloy na kiwanda cha majaribio Mesa, vyote Arizona, na mwaka 2015 ikaonyesha matairi yake ya kwanza. Mwaka 2022 matairi yenye guayule yalitumika katika mashindano ya magari ya IndyCar, na kampuni hiyo ikatangaza nia ya kufikia uzalishaji wa kibiashara ifikapo mwaka 2030.

Kutoka mbegu hadi mavuno

Ugumu wa kwanza kwa mkulima ni mbegu. Ni ndogo kiasi kwamba gramu moja huweza kubeba mbegu zipatazo 1,000. Isitoshe, mbegu iliyotoka kuvunwa hulala, na huweza kukaa miezi mingi bila kuota. Ili kuiamsha, watalaamu huiosha na kuiloweka katika kemikali ileile iliyomo ndani ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, maarufu kama jiki, au huitia homoni ya mimea.

Njia ya zamani na ya uhakika ni kuotesha miche kwenye kitalu kwa miezi michache, kisha kuihamishia shambani. Miche hupandwa kwa safu zenye nafasi ya takriban mita moja, na sentimita 35 hivi kati ya mche na mche, ambayo ni karibu miche 28,000 kwa hekta. Gharama yake ni kubwa, hivyo watafiti wamejitahidi kuwezesha mbegu kupandwa moja kwa moja shambani. Hapo mbegu hufunikwa kwa udongo mwembamba sana, na ardhi ya juu haitakiwi kukauka hata siku moja hadi zitakapoota.

Wiki hizo za mwanzo ndizo za hatari zaidi. Mche wa guayule hukua polepole, na magugu huutangulia kwa urahisi. Ukishashika mizizi, huvumilia kiu kwa kiwango ambacho mazao mengi hayawezi.

Udongo unaofaa ni ule usiotuamisha maji, wa kichanga au wenye chokaa. Maji yakituama, mizizi huoza kwa ugonjwa wa kuvu na shamba lote huweza kufa. Hapo ndipo wakulima waliozoea kumwagilia kwa mafuriko hukosea. Udongo wenye chumvi nyingi nao hupunguza mavuno.

Hata hivyo kuvumilia ukame si sawa na kuzaa bila maji. Shamba lisilomwagiliwa hutoa mpira kidogo na kwa kuchelewa. Arizona, ambako mvua ni haba, guayule humwagiliwa, lakini hutumia maji machache kuliko lusani, yaani majani ya malisho yanayolimwa kwa wingi huko. Jambo hilo lilipata uzito Agosti 2021, serikali ya Marekani ilipotangaza kwa mara ya kwanza upungufu rasmi wa maji ya Mto Colorado, na wakulima wa wilaya ya Pinal wakakatiwa sehemu kubwa ya mgawo wao kuanzia mwaka 2022.

Mavuno ya kwanza huja baada ya miaka miwili hivi. Kichaka hukatwa sentimita chache juu ya ardhi, hufungwa kwa robota kama nyasi kavu, na kisiki huachwa kichipue tena. Hivyo shamba moja huweza kuvunwa mara kadhaa kabla ya kupandwa upya. Mkulima hahitaji kulima kila mwaka, na mashine anazotumia ni zilezile za kuvunia malisho.

Baada ya kukatwa, muda ni mali. Mpira ulio ndani ya seli huanza kuharibika kichaka kikikauka juani. Kwa sababu hiyo kiwanda lazima kiwe karibu na shamba. Huko kichaka husagwa, na mpira hutengwa kwa maji au kwa vimiminika vya kuyeyushia.

Pamoja na mpira, hupatikana utomvu mzito unaonata, ambao majaribio yameonyesha kuwa huweza kukinga mbao dhidi ya mchwa. Makapi yanayobaki, ambayo ni zaidi ya robo tatu ya mzigo wote, huweza kutumiwa kama kuni za kiwanda au kutengenezea mbao za kubana.

Fundo lisilofunguka

Kama mmea huu una sifa zote hizo, kwa nini haujaenea? Jibu ni bei. Mpira wa Hevea hugemwa na mamilioni ya wakulima wadogo, na bei yake ikishuka guayule hauwezi kushindana nao.

Zaidi ya hapo, mkulima hawezi kupanda na kusubiri miaka miwili bila kuwa na uhakika wa kiwanda, wala mwenye kiwanda hawezi kujenga bila kuwa na uhakika wa maelfu ya hekta. Kila mmoja humsubiri mwenzake. Mara zote guayule uliposonga mbele, palikuwa na serikali au kampuni kubwa iliyokubali kubeba hasara ya mwanzo, na kila ilipochoka, mashamba yaling'olewa.

Somo kwa nchi kame

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuuliza kama kichaka hiki hakiwezi kuletwa Turkana, Garissa au Singida. Kabla ya jibu, yapo mambo ya kuzingatia.

Kwanza ni hali ya hewa. Mpira hutengenezwa kwa wingi penye majira ya baridi, hivyo nyanda za chini zenye joto mwaka mzima hazifanani na makao yake ya asili.

Pili ni ukoo. Guayule ni ndugu wa karibu wa gugu karoti, Parthenium hysterophorus, gugu hatari lililovamia Ethiopia, Kenya, Uganda na Tanzania, ambako liligunduliwa mkoani Arusha mwaka 2010. Gugu hilo huua malisho, huharibu ladha ya maziwa na kuwasha ngozi za watu. Guayule wenyewe haujapata sifa ya uvamizi huo, ingawa utomvu wake mzito nao una kemikali inayoweza kuwasha ngozi. Lakini wakazi wa Baringo nchini Kenya, walioletewa mti wa mathenge katika miaka ya 1980 kama mkombozi wa nchi kame na leo umewafungia malisho na njia za mifugo, wana kila sababu ya kutaka majaribio yatangulie kabla ya sifa.

Tatu ni soko. Tanzania na Kenya zimeshuhudia mazao mengi yaliyonadiwa kama dhahabu ya ukame, kisha wakulima wakabaki na mavuno yasiyo na mnunuzi. Historia ya guayule yenyewe inaonyesha kwamba kuustawisha mmea shambani ni kazi inayowezekana. Kazi ngumu ni kuhakikisha kwamba, siku kichaka kitakapokuwa tayari, kiwanda cha kukisaga kitakuwa bado kimefungua milango yake.